Boma la Mpala: nyumba ya utawala iliyopokea altare

Wakristu wa Fizi, wa Baraka na wa milima ya Minembwe hawana haja ya kufundishwa ya kuwa nyumba ya serikali ni jambo zito. Mwaka 2013 amri iliyotoka Kinshasa iliihesabu Minembwe kati ya komini za vijijini. Tarehe 28 Septemba 2020 burugumestri wake akawekwa kazini mbele ya waziri, bendera ikapandishwa. Tarehe 8 Oktoba 2020 Rais wa Jamhuri, akiwa Goma, akatangaza ya kwamba anafuta kazi hiyo. Siku kumi tu! Waliofurahi mwanzoni walihuzunika, na waliohuzunika wakafurahi.

Hatutaki kuhukumu shauri hilo katika kurasa hizi. Wenye macho ya kuliona vizuri ni wengi kuliko sisi, na damu iliyomwagika katika milima ile inatuomba tuseme polepole. Tunalitaja kwa sababu moja. Katika ugomvi ule wote, hatukumsikia mtu akiuliza habari za matofali au za mabati ya ofisi. Kila mmoja aliuliza: nyumba hii ni ya nani, na nani aliyetuita tuingie ndani yake? Swali hilo lilifika pwani ya ziwa letu mbele ya kuzaliwa kwa babu zetu. Lilifika mwaka 1883, katika nyumba ambayo wengi wetu tumesikia jina lake tangu seminari ndogo, lakini habari yake tumepewa nusu. Ni boma la Mpala.

Tuanze na neno lenyewe. Boma, kwa watu wa zamani, ni ua: miti na miiba iliyozungushwa kijiji au zizi la ng'ombe, ili simba na adui wabaki nje. Nyuma yake likawa ukuta wa vita. Nyuma yake tena, upande wa mashariki wa ziwa, Wajerumani na Waingereza wakaligeuza kuwa jina la ofisi ya serikali: mtu akiitwa bomani, alijua ameitwa na mkubwa, na kodi au kifungo haviko mbali. Upande wetu watu walizoea zaidi kusema Leta, au Bula Matari. Hata hivyo neno boma lilipita kwetu pia, na kwa mtu mmoja likawa jina lake kabisa, kama tutakavyoona.

Msomaji wa Baraka atauliza: kwa nini kwenda mbali mpaka Mpala, chini ya Kalemie, wakati sisi wenyewe tunayo historia? Ni kweli. Misioni ya kwanza ya Mapadri Weupe upande huu wa ziwa ilikuwa kwetu, Mulweba, katika nchi ya Wamasanze, iliyoanzishwa mwaka 1880 na Padri Toussaint Deniaud. Mwaka 1881 padri huyo aliuawa ng'ambo, Rumonge, pamoja na Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop. Mwaka 1883 wenzake wakaanzisha Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali wao. Hapo walikusanya watoto waliokombolewa katika utumwa, wakalima, wakajenga, wakazika. Padri Amaat Vyncke alikufa huko mwaka 1888, Askofu Léonce Bridoux mwaka 1890. Mwaka 1893 magonjwa yaliwashinda. Misioni ikaachwa, na Wakristu wake wakahamishiwa kusini, Baudouinville. Kwa hiyo, ndugu wa Fizi, mkifuata nyayo za Wakristu wa kwanza wa kwenu, ziwa lenyewe litawapeleka kusini, katika nchi ile ile ya Mpala. Kuisoma Mpala si kuiacha nyumba yetu.

Sasa tuangalie nani aliyejenga. Mwaka 1876 mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwaita wanajografia na wakubwa wengine Bruxelles, kukaundwa Shirika la Kimataifa la Afrika. Maneno yalikuwa mazuri: kufungua njia, kusaidia sayansi, kukomesha biashara ya watumwa. Mpango ulikuwa kuweka vituo toka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka ndani. Cambier alianzisha kituo cha Karema, upande wa mashariki wa ziwa, mwaka 1879. Mwaka 1882 kikashikwa na ofisa mwingine Mbelgiji, Émile Storms. Mwaka uliofuata Storms alivuka ziwa, akafanya mapatano ya undugu wa damu na sultani Mpala wa Watabwa, na tarehe 4 Mei 1883 akaanza kituo kipya mahali panapoitwa Lubanda, karibu na mto Lufuko unapoingia ziwani.

Hapo akajenga. Na wenyeji, walipomtazama mtu huyu na kazi yake, wakampa jina: Bwana Boma. Hawakumwita kwa ndevu zake, wala kwa bunduki yake, wala kwa kabila lake. Walimwita kwa ukuta wake. Sisi tunaona ya kuwa walifasiria mambo vizuri kuliko magazeti ya Ulaya ya siku zile.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya pembe nne, yenye ukuta wa matofali yasiyochomwa. Kazi ya namna hiyo makatekista wetu wa vijijini wanaijua, maana makanisa yao mengi yamejengwa hivyo mpaka leo. Udongo unachimbwa karibu na maji, unakanyagwa kwa miguu, majani yanachanganywa ndani yake ili usipasuke, kisha unatiwa katika kibao na kuachwa juani. Tofali la namna hiyo halina nguvu likiwa peke yake. Nguvu yake iko katika unene wa ukuta. Adui wake mkubwa ni mvua, inayokula mguu wa ukuta polepole. Kwa hiyo paa linapashwa kutoka nje sana, na kila mwaka lazima watu waje kupaka udongo tena. Nyumba ya udongo haijengwi mara moja. Inajengwa kila masika, na anayeikaa anahitaji siku zote mikono ya majirani. Hapo tayari kuna fundisho la utawala: Bwana Boma hakuweza kukaa hata mwaka mmoja bila watu wa Lubanda.

Adui wa pili ni moto, kwa sababu paa lilikuwa la majani. Mwaka 1885, mbele Storms hajarudi Ulaya, moto ulishika kituo na kuharibu mengi. Ukuta uliojengwa kwa kuogopa maadui wa nje haukuweza kitu mbele ya cheche ya ndani.

Tazameni pia mahali. Mjenzi huyu alichagua ukingo wa ziwa, penye mlango wa mto. Katika siku zile ziwa lilikuwa ndiyo barabara kuu. Mitumbwi na majahazi ya Ujiji yalipita hapo yakichukua pembe, chumvi, vitambaa, na watu waliofungwa. Aliyekaa pale aliona nani anapita, na aliyepita aliona nani anakaa. Ukuta kama ule unasema maneno mawili kwa mara moja. Kwa aliye ndani unasema: lala salama. Kwa aliye nje unasema: mimi ndiye mkubwa hapa. Ofisi nyingi za serikali za nyuma, hata zile nzuri za saruji na nguzo, zilijengwa kwa kusema neno hilo la pili tu. Veranda ndefu ya mkubwa juu, na watu wamekaa chini juani wakingoja.

Hapa tunafika mahali ambapo vitabu vyetu vya misioni mara nyingi vinapita haraka. Katika milima ya jirani alikaa sultani mwingine, Lusinga, mtu wa vita, aliyeteka watu na kuwauza. Hatutaki kumfanya mtakatifu. Storms alitaka masultani wote wamkubali yeye kuwa mkubwa wao, Lusinga hakukubali. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji chake, wakamuua, wakamkata kichwa, wakakileta kwa bwana wao. Storms alikitunza fuvu hilo. Alipokwenda kwao mwaka 1885 alilichukua pamoja na mafuvu mengine na vitu vingi, kati yake sanamu ya mti ya mababu wa Lusinga. Sanamu hiyo iliingia nyuma katika jumba la makumbusho la Tervuren. Fuvu liliwekwa katika taasisi ya sayansi huko Bruxelles, likapimwa na wataalamu kama vile mtu anavyopima jiwe.

Mfalme Leopold, wakati huo, alikuwa amekwisha geuza macho. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulimpa Congo kwa njia ya bahari ya magharibi, na njia ya Zanzibar haikuwa na faida kwake tena. Vituo viwili vya ziwa vikawa mzigo. Basi akampa Kardinali Lavigerie, na mwaka 1885 Mapadri Weupe wakapokea Karema na Mpala. Padri Isaac Moinet akaingia katika boma la Bwana Boma. Alirithi ukuta, na bunduki, na askari, na pia masultani waliozoea kuleta mashauri yao mlangoni pale. Tufikiri kidogo, ndugu mafratri: padri mmoja, aliyetoka kwao kwa kutangaza Injili, anaamka asubuhi na kukuta amekuwa serikali.

Na kweli alikuwa serikali. Kardinali mwenyewe alikuwa na wazo la kuunda ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, ulinzi wa wanyonge mbele ya watekaji. Mwaka 1887 akaja Mpala Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliyekuwa askari wa Baba Mtakatifu Roma. Alikuwa mtu wa sala na wa vita pamoja. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, binti wa nchi, na akakaa kwetu mpaka kufa kwake mwaka 1927. Alipigana na watu wa Rumaliza, yule Mohamed bin Halfan wa Ujiji, miaka ambayo hakuna msaada uliotoka popote. Ule wa kwanza wa maana ulifika mwaka 1891, Jacques alipokuja na askari wa chama cha kupinga utumwa na kuanzisha Albertville. Watu wengi waliona ya kuwa penye Kapiteni mtoto wao hauzwi. Tusilisahau hilo kwa urahisi; waliokimbilia ukutani pale walikuwa na sababu.

Lakini tuseme wazi na upande wa pili. Katika boma lile lile mapadri walihukumu kesi, wakatoza kazi, wakaadhibu. Aliyefanya kosa mbele ya Mungu na aliyefanya kosa mbele ya mkubwa walisimama katika ua mmoja, mbele ya mtu mmoja. Tunawajua watu wazima wanaosema mpaka leo kwamba kwenda misioni ni «kwenda kwa wakubwa». Maneno hayo hayakuota kama uyoga. Yana mizizi, na mmoja wa mizizi hiyo uko Lubanda. Serikali ya Congo ilipoleta maofisa wake ziwani, uwezo huo wa mapadri ulipunguka kidogo kidogo, si bila magombano. Desturi ya watu, ya kumtazama padri kama mwenye funguo za gereza, ilichelewa zaidi kutoka.

Wazee wa pwani wana mithali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wanahistoria wetu wengi wa Kanisa wamesimama mlangoni. Wanaandika: «Mwaka 1885 mapadri walipokea Mpala», na sura inaanza hapo, nyumba inakuwa safi kama iliyoshuka toka mbinguni. Wengine, wa siku hizi, wanasimama kwenye mlango mwingine: wanaandika 1884 na fuvu la Lusinga, wanafunga kitabu, kana kwamba watoto waliokombolewa hawakulala ndani ya ukuta ule. Sisi tunataka mwanafunzi wa seminari aingie ndani na kuhesabu vyumba vyote. Altare iliwekwa katika nyumba iliyojengwa na Bwana Boma. Kichwa cha mtu kilipita katika ua ule, na nyuma ya miezi michache Misa ilisomwa karibu na pale. Ukweli wa mambo haya mawili hauwezi kukatwa, na katekista anayeulizwa na kijana wa shule juu ya Lusinga hapashwi kujibu kwamba hajui. Mapadri Weupe wenyewe walikuwa na desturi njema ya kuandika daftari la kila siku katika kila misioni, mazuri na mabaya. Nani alikuja, nani alikimbia, nani aliadhibiwa. Mmoja wetu akipata neema ya kusoma Roma, asirudi bila kufungua daftari za Mpala na za Kibanga.

Kitu kingine kilitokea katika nyumba ile, na kwetu sisi tunaosoma gazeti hili ndicho kikubwa. Askofu Victor Roelens, aliyefika nchini mwaka 1892, aliamini ya kuwa vijana wa hapa wanaweza kuwa mapadri. Wengi walimcheka. Mwishoni mwa karne ile seminari ikaanza Mpala, chini ya Padri Auguste Huys. Mahali palipochaguliwa na askari kwa kuchungulia ziwa, sasa vijana wachache wa Kitabwa na wa makabila mengine walikariri rosa, rosae. Hatujui kama kuna ofisi nyingine ya serikali katika nchi zetu iliyopata bahati ya namna hiyo. Kwa kawaida mambo yanakwenda kinyume: shule ya misioni inachukuliwa na kuwa ofisi, na watoto wanatafuta mahali pengine pa kukaa.

Kati ya vijana hao alikuwa Stefano Kaoze, mwana wa Marungu. Alifika Mpala mnamo 1899. Seminari ilihamishwa nyuma yake Lusaka, ile ya milimani kwetu na siyo mji wa Zambia, naye akaifuata. Mwaka 1910 maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalitolewa kwa Kifaransa, wakati ambapo wazungu wengi walikuwa bado wanauliza kama Mbantu ana fikira. Tarehe 21 Julai 1917, Baudouinville, alipewa upadri, wa kwanza kati ya watu wa Congo ya Wabelgiji. Ni lazima tuhesabu: toka kichwa cha Lusinga mpaka mikono ya Kaoze kupakwa mafuta ni miaka 33 isiyotimia. Mtoto aliyemwona Lusinga akiwa hai aliweza kupiga magoti na kupokea baraka ya padri mpya.

Nchi yetu ya kaskazini haikupata bahati ya nyumba kama hiyo. Kibanga iliachwa. Jimbo la Uvira, ambalo Fizi iko ndani yake, liliundwa mwaka 1962 tu. Na nyuma ya miaka miwili vita vya waasi vikaingia, Fizi na Baraka zikashikwa, zikarudishwa, watu wakalala porini. Tangu hapo nyumba ya serikali kwa watu wetu imekuwa mara nyingi ni mahali ambapo mwenye bunduki wa mwezi huu anakaa. Mtu asiyeelewa kwa nini jina la komini moja liliwasha moto mkubwa namna ile mwaka 2020, akumbuke jambo hilo. Watu walioona milango mingi ikifunguliwa kwa kitako cha bunduki, wanauliza kwa haki ni nani ameshika ufunguo wa ule mpya. Wote wanauliza, wa mlimani na wa ziwani, na padri anayewahudumia wote hapashwi kusikia swali la upande mmoja tu.

Ubelgiji nako watu wameanza kuuliza. Sura ya Storms ilichongwa na kuwekwa katika bustani ya mji, Ixelles, kwa kumsifu. Wenyeji na watu wa asili ya Congo waliipinga miaka mingi, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Na Kaoze? Mwaka 1946 serikali ya koloni ilipotafuta mtu mweusi wa kukaa katika Baraza la Serikali huko Léopoldville, mahali ambapo tangu mwanzo walikaa wazungu peke yao kusema juu ya nchi, ilimwita yeye. Mwanafunzi wa boma la Mpala akaingia katika baraza la wakubwa, mzee mwenye kanzu, wa kwanza wa watu wetu kukaa pale. Alikufa mwaka 1951.